MTOTO ANAYESUGUA MACHO
Namna ya kukaza kioo cha jicho kilicholegea



Siku ya kupima watoto, wamama wengi wanatuambia: "Muganga, huyu macho yanamuwasha usiku na mchana. Ni vumbi tu, itapita." Kwa watoto wengi ni kweli, inapita. Lakini kwa wengine wachache, kusugua macho mwaka kwa mwaka kunafungua mlango kwa ugonjwa mwingine. Kioo cha jicho kinalegea, kinakuwa chembamba, na kinatokeza mbele. Mwanzoni ugonjwa huu hauumi wala hauleti usaha. Ndiyo sababu unachelewa kujulikana.

Tunaandika karatasi hii kwa kuwa leo kuna matibabu ya kukaza kioo hicho. Lakini ujue jambo moja tangu sasa: matibabu haya yanasimamisha ugonjwa pahali ulipofika, hayarudishi yote yaliyokwisha kuharibika. Mtoto akiletwa mapema, anabaki na macho ya kusomea na ya kufanyia kazi. Akichelewa sana, matibabu haya hayawezekani tena. Basi soma polepole, na umsomee jirani yako asiyejua kusoma.

KIOO CHA JICHO NI NINI?

Mwambie mtoto atazame mbele, nawe umtazame jicho kutoka upande. Mbele ya ile sehemu nyeusi utaona kitu kisicho na rangi, kinachong'aa, cha mviringo kama kioo cha saa. Ndicho kioo cha jicho. Waganga wanakiita konea. Mwanga wote tunaoona nao unaingia kwa kupita hapo. Katikati yake unene ni karibu nusu ya milimita tu.

Kitu chembamba hivi kinashikaje umbo lake? Fikiri nyumba ya miti na udongo. Kinachosimamisha ukuta si udongo peke yake. Ndani kuna miti na fito, na fito zimefungwa kwa kamba. Kamba zikikaza, ukuta unasimama wima. Kamba zikioza na kulegea, ukuta unaanza kufura tumbo kwenda nje, hata kama kwa mbali nyumba inaonekana nzima.

Konea nayo ni hivyo. Ndani yake kuna nyuzi nyingi sana, nyembamba kupita unywele, zimelala tabaka juu ya tabaka na kushikana. Mahali pa kushikana pakilegea, maji yaliyo ndani ya jicho yanasukuma, na konea inachongoka mbele. Ugonjwa huu waganga wanauita keratokoni, yaani konea iliyochongoka.

NI NANI ANAPATWA?

Mara nyingi unaanza wakati mtoto anakaribia kuwa kijana, ama katika miaka ya ujana. Unaweza kuendelea mpaka mtu afike miaka 30 au 40. Kwa mtoto mdogo unakwenda mbio zaidi kuliko kwa mtu mzima. Kwa kawaida unashika macho yote mawili, lakini moja linatangulia.

Wanaopaswa kuangaliwa sana ni hawa:

1. Mtoto ambaye macho yanamuwasha siku nyingi na anayasugua sana.
2. Mtoto ambaye mzazi, kaka au dada yake ana ugonjwa huu.
3. Mtoto mwenye pumu, ama ngozi ya kuwasha tangu utoto.
4. Mtoto aliyezaliwa na hali inayoitwa trisomia 21.

Ugonjwa huu si laana, wala si kazi ya mtu mwenye wivu. Hauambukizi pia. Usimtenge mtoto, wala usimzuie kula ama kulala na wengine.

MACHO YA KUWASHA NA MKONO WA KUSUGUA

Katika nchi zetu za jua na vumbi kuna ugonjwa wa kuwasha macho unaoshika watoto, hasa wavulana. Si vijidudu vinavyouleta. Ni mwili wa mtoto unaokataa vitu kama vumbi, ama unga wa maua, na jua linauzidisha. Macho yanakuwa mekundu na ya kahawia kidogo, yanatoa ute kama uzi mweupe, na mtoto anakimbia mwanga. Katika nchi jirani ya Rwanda, uchunguzi wa watoto wa shule uliotangazwa mwaka wa 2011 ulikuta karibu watoto 4 katika 100 wana ugonjwa huu. Ndiyo kusema, katika shule ya watoto 500 unaweza kuwakuta watoto kama 20.

Sisi wa Lubero, Butembo na Beni tunajua vumbi la barabara wakati wa kiangazi, na moshi wa jiko ndani ya nyumba. Mtoto anasugua kwa kidole, kwa ngumi, kwa mgongo wa mkono. Anasikia raha kwa dakika moja, kisha kuwasha kunarudi kwa nguvu zaidi, naye anasugua tena. Kila mara anasukuma ule ukuta wenye kamba dhaifu. Si kila anayesugua atapata keratokoni. Lakini kwa yule mwenye udhaifu, kusugua kunaharakisha ubaya.

Basi fanya hivi nyumbani:

1. Loanisha kitambaa safi kwa maji safi ya baridi, ukiweke juu ya macho yaliyofumbwa. Kibaki hapo dakika chache bila kukandamiza wala kusugua. Baridi inatuliza kuwasha.
2. Mnawishe uso mara kwa mara, hasa akitoka barabarani na mbele ya kulala.
3. Mkate kucha.
4. Mpe kofia yenye ukingo wakati wa jua kali.
5. Asikae karibu na moshi. Jiko likiwezekana liwe nje, ama nyumba ifunguliwe.
6. Mfundishe mtoto mwenyewe. Asipigwe mikono, maana anayewashwa hawezi kujizuia kwa fimbo. Umwambie: "Ukisikia kuwasha, njoo unipe macho niweke maji ya baridi."

Kama kuwasha hakuishi, mlete kituo cha afya. Kuna matone ya kutuliza kuwasha ambayo mtoto anaweza kutumia kwa muda mrefu akiandikiwa na muganga.

ANGALISHO KUHUSU DAWA

Wamama wengine wanatia ndani ya jicho maji ya majani, ama maziwa ya titi, ama mkojo. Tunajua mnafanya hivyo kwa upendo. Lakini vitu hivyo vinaweza kuingiza vijidudu ama kuchoma konea, na kovu jeupe likibaki juu ya konea halifutiki kwa kunawa.

Tena, jihadhari na matone yanayouzwa sokoni na katika maduka ya dawa bila karatasi ya muganga. Mengine yana dawa kali ya jamii ya deksametazone. Siku ya kwanza mama anafurahi, maana wekundu unapungua upesi. Lakini dawa hiyo ikitumiwa wiki nyingi bila kupimwa, inaweza kupandisha nguvu ya maji ndani ya jicho na kuua mshipa wa kuonea. Mtoto anapofuka polepole bila kusikia maumivu. Dawa ile ni nzuri katika mkono wa anayeijua, kwa siku zilizohesabiwa. Usiinunue mwenyewe, na usitumie chupa ya mtoto wa jirani.

ALAMA ZA KONEA INAYOCHONGOKA

Tuchukue mfano. Kijana wa miaka 13 alikuwa anasoma vizuri. Sasa anakosa kunakili maneno ya ubaoni. Mwalimu anasema ni mvivu. Baba anasema ni michezo. Wanamnunulia miwani (malineti). Baada ya miezi michache miwani haimsaidii tena, wanabadilisha, na ile mpya nayo inashindwa. Kijana huyu si mvivu. Konea yake inabadilika umbo, na miwani haiwezi kuifuata.

Alama za kuangalia ni hizi:

1. Anakunja macho, anainamisha kichwa, ama anasogea karibu sana na ubao au kitabu.
2. Anaona taa moja kama mbili au tatu, ama taa za usiku zinatawanya miali.
3. Miwani yake inabadilishwa mara kwa mara.
4. Jicho moja linaona vibaya kuliko lingine. Jaribu nyumbani: mfunike jicho moja bila kulibonyeza, umwombe asome kalenda iliyo ukutani, halafu mfunike la pili. Jicho linaloona vizuri linaficha ubaya wa mwenzake, ndiyo sababu unajaribu moja moja.
5. Anapotazama chini, ukope wa chini unasukumwa na kuchongoka katikati. Alama hii inakuja wakati ugonjwa umekwisha kwenda mbali. Usiingojee.

Usichanganye na magonjwa mengine. Jicho zima likitokeza nje ya tundu lake, ama weupe ukionekana ndani ya mboni kama jicho la paka usiku, hiyo si keratokoni. Mpeleke lopitali siku ileile. Vilevile mtoto mdogo anayeshindwa kuona jioni, ama ambaye konea inakauka na kulainika baada ya surua au utapiamlo, anahitaji vitamini A upesi sana. Kukawia siku chache kunaweza kumnyima jicho. Kwa hiyo msikose chanjo ya surua na kapsuli za vitamini A mnazopewa mnapokuja kupima watoto.

MATIBABU YA KUKAZA KONEA

Turudi kwa ile nyumba. Ukuta ukianza kufura, fundi mwenye akili hangoji uanguke. Anafunga kamba mpya kati ya fito. Ukuta haunyooki sawasawa kama siku ya kwanza, lakini unasimama pale pale, na watu wanaendelea kukaa ndani.

Waganga walitafuta njia ya kufunga "kamba mpya" kati ya nyuzi za konea. Kazi hiyo ilifanywa katika mji wa Dresden, Ujerumani, na mwaka wa 2003 walitangaza habari za wagonjwa 22 wa kwanza, wenye macho 23 yaliyotibiwa. Ugonjwa ulisimama. Tangu hapo njia hii imeenea katika nchi nyingi. Marekani iliiruhusu mwaka wa 2016.

Vitu vinavyotumika ni viwili. Cha kwanza ni matone ya vitamini B2, inayoitwa riboflavini, yenye rangi ya manjano. Cha pili ni mwanga wa ultravioleti kutoka katika mashine, uliopimwa kwa uangalifu. Vitamini ikiwa imelowa ndani ya konea na mwanga ukaipiga, vinafanya nyuzi kushikana kwa vifungo vipya. Vitamini hiyo pia inasaidia kuzuia mwanga usifike ndani zaidi na kudhuru sehemu nyingine za jicho.

SIKU YA MATIBABU

Kwanza wanapima umbo na unene wa konea. Kwa njia ya kawaida konea inapaswa kuwa na unene wa sehemu 4 katika 10 za milimita, ama zaidi. Ikiwa imekonda kuliko hapo, mwanga unaweza kudhuru ndani. Hapa ndipo unaona kwa nini tunasema "mlete mapema". Kila mwezi unaopita, konea inayochongoka inaweza kuzidi kukonda, na mlango wa matibabu haya unafungwa.

Kijana analala chali. Anatiwa matone ya ganzi, hasikii maumivu, wala hachomwi sindano ndani ya jicho. Mtoto asiyeweza kutulia anaweza kulazwa usingizi kwa dawa. Muganga anaondoa ngozi nyembamba iliyo juu ya konea, kisha anatia matone ya manjano tena na tena kwa muda wa dakika 30 hivi. Halafu mwanga unawashwa. Katika njia ya kwanza unadumu dakika 30. Mashine nyingine za sasa zinatumia muda mfupi zaidi. Mwishoni wanaweka juu ya jicho kipande laini cha plastiki kama kifuniko, na wanatoa matone ya kuzuia vijidudu.

Siku mbili tatu za kwanza jicho linauma, linatoa machozi, na linakimbia mwanga. Mama, uwe tayari kwa hilo, usidhani mtoto ameharibiwa. Kuona kunaweza kuwa kama kwenye ukungu kwa wiki kadhaa. Lakini maumivu yakizidi badala ya kupungua, ama usaha ukitoka, rudi upesi, maana vijidudu vinaweza kuingia kabla ngozi ya juu haijafunga. Katika siku hizo asitie maji machafu machoni, asicheze vumbini, wala asisugue.

INASAIDIA KIASI GANI?

Katika Uingereza waliwafuata vijana 60 wenye keratokoni, wa miaka 10 mpaka 16. Nusu walikazwa konea, nusu walipewa miwani na lenzi tu. Habari zao zilitangazwa mwaka wa 2021. Baada ya mwaka mmoja na nusu, kwa waliokazwa ugonjwa ulizidi kwa 2 katika 30. Kwa wale wengine ulizidi kwa 12 katika 28.

Hesabu hiyo inatufundisha mambo mawili. Kwanza, matibabu yanafanya kazi. Pili, kungoja bila kutibu ni hatari kwa mtoto. Lakini hata aliyekazwa anahitaji kupimwa tena na tena, na bado anaweza kuhitaji miwani, ama lenzi ngumu inayowekwa juu ya jicho. Akiendelea kusugua, anaweza kulegeza tena kilichokazwa. Na kama konea imechongoka sana na kupata kovu, inabaki njia ya kupandikiza konea ya mtu aliyefariki, kazi kubwa inayotaka uangalizi wa miaka mingi.

MASWALI YA WAMAMA

"Nikimpa mtoto mayai, maziwa na sombe, konea itakaza?" Chakula hicho kina vitamini nyingi na ni kizuri kwa mwili wote. Mpe kila unapoweza. Lakini keratokoni haiponi kwa kula vitamini B2. Inayokaza ni vitamini iliyolowa ndani ya konea pamoja na mwanga wa mashine.

"Basi nisage vidonge vya vitamini, nimtie jichoni, akae juani?" Hapana, hata kidogo! Vidonge vya kunywa si safi kwa jicho, na jua halipimwi. Mtoto anayekodolea jua macho anaweza kuunguza ndani ya jicho asipone tena.

"Mimi mwenyewe nina ugonjwa huu, na nina mimba." Mimba inaweza kuuzidisha. Waambie wauguzi na muganga wa macho, wakupime wakati wa mimba na baadaye. Kwa kawaida waganga wanangoja mama azae na amalize kunyonyesha ndipo wamkaze konea.

"Jicho limekuwa jeupe ghafula na linauma." Konea iliyochongoka inaweza kupasuka ndani na kunywa maji. Usingoje siku ya soko. Njoo siku hiyohiyo.

NJIA YA KUFUATA

Anza na kituo chako cha afya. Omba karatasi ya kwenda kwa muganga wa macho katika hospitali kubwa ya Butembo ama Beni. Kipimo cha kwanza ndicho kinachoamua mengine. Mashine za kukaza konea haziko katika vituo vyetu vidogo. Katika eneo letu la Afrika, miji mikubwa kama Nairobi na Kampala ina waganga wanaofanya kazi hiyo. Mbele ya kusafiri, omba muganga akuandikie habari zote za macho, na uulize bei, ili usifike mbali na kurudi mikono mitupu.

Tunajua franga ni chache, na vita vimeifanya safari kuwa ya hofu. Kwa hiyo zungumzeni mapema, baba na mama pamoja, na wajomba, na kanisa. Jamaa nyingi zinachanga kwa ajili ya mazishi. Kuchanga kwa ajili ya jicho la mtoto aliye hai ni kazi inayompendeza Mungu. Bwana Yesu alisimama njiani kwa ajili ya Bartimayo, wakati watu wengine walimwambia anyamaze. Sisi nasi tusimnyamazishe mtoto anayesema, "Mama, sioni ubao."

Na hata kama safari haiwezekani bado, kazi ya kwanza iko mkononi mwako: kutuliza kuwasha na kuzuia kusugua. Hiyo inaanza leo, na bei yake ni kitambaa safi na maji ya baridi.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Kusugua macho siku nyingi si jambo dogo. Tafuta dawa ya kuwasha.
2. Usitie majani, maziwa wala mkojo jichoni. Usinunue matone bila muganga.
3. Mtoto anayeshindwa kusoma ubao apimwe macho mbele ya kuitwa mvivu.
4. Miwani ikibadilishwa mara nyingi, uliza kama konea imepimwa umbo.
5. Matibabu ya kukaza konea yanasimamisha ugonjwa. Hayarudishi yaliyopotea. Kwa hiyo fika mapema.
6. Mmoja akiwa na keratokoni, lete na ndugu zake wapimwe.